Picha ya Studio au Picha ya Kambini?

Anayekusanya kumbukumbu za wazee wa Kisumu, Kakamega na Kisii waliotumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, au kikosi cha wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, atakutana na picha za aina mbili.

Picha ya studio ilipigwa mbele ya pazia lililochorwa, na nyingi zilichapishwa kwenye kadi ya posta ili zitumwe nyumbani. Uso huonekana wazi, na vifungo vya sare huhesabika. Lakini mahali hapatambuliki, na askari amesimama jinsi alivyoelekezwa.

Picha ya kambini, iliyopigwa mathalani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, huwa na ukungu na nyuso ndogo, hata hivyo mimi naithamini zaidi. Humo utamwona askari aliyezungushiwa vitambaa miundini ilhali nyayo zake hazina viatu, na nyuma yake msururu wa wapagazi wenye mizigo kichwani, watu ambao studio haikuwa na haja nao. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi, na inauma kuona maelezo ya picha yakimtaja afisa Mzungu peke yake.

Kwa familia inayotafuta sura ya babu, picha ya studio inatosha, mradi upande wa nyuma nao unakiliwe, kwa kuwa huko ndiko muhuri wa mpiga picha huwekwa. Shule inayofundisha historia ya vita itundike ile ya kambini.