Tuhesabu mayai yanayoingia mashineni au vifaranga wanaotoka?

Wafugaji wa broila hapa Tanga, kuanzia Pongwe mpaka Ngamiani, tukitaka kujua soko litajaa lini tuna njia mbili, kuulizia mayai mangapi yameingia mashine za kutotolesha au kuhesabu vifaranga wangapi wametoka wakasambazwa.

Mayai yanakupa habari mapema, siku 21 kabla kifaranga hajatoka, ongeza wiki tano sita za kumlea, unaona karibu miezi miwili mbele. Ila yai sio kifaranga jamani, kuna yasiyo na mbegu, kuna yanayofia ndani umeme ukikatika, ukiyamulika na tochi unakuta jeupe tupu au duara la damu, na mtu kashakuambia trei zimejaa, ukahofia soko litajaa ukaacha banda tupu bure.

Vifaranga ndo hesabu ya kweli, wanahesabika boksi kwa boksi, shida taarifa inakuja wiki tatu nyuma. Marekani wizara yao ya kilimo inatoa namba zote mbili kila wiki, na watotoleshaji wetu wangefanya hivyo tungepona wengi. Mimi kukadiria bei nafuata vifaranga, mayai nayatumia kuamua lini niweke oda, na mashine ikiwa na jenereta nayaamini zaidi.