Uzoefu wangu: maelekezo ya Django, na kosa waliloniachia nilikanyage

Kabla ya Django (zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python) nilipoteza siku nne kwenye maelekezo ya kampuni moja ya malipo, jina nalihifadhi. Hatua sita tu, na ya tatu ilisema: "Kisha unganisha seva yako." Basi. Sasa huko kuunganisha si ndiko nilikokuja kujifunza?

Kwa hiyo nilifungua maelekezo ya Django nikiwa nimeshanuna. Somo la kuanzia lina sehemu nane, unajenga programu ndogo ya kura za maoni. Sehemu ya pili unahifadhi swali lako la kwanza, ukiliita unajibiwa `<Question: Question object (1)>`. Nikajua nimeharibu. Nikarudi juu kukagua herufi kwa herufi mpaka macho yakauma. Kumbe chini yake tu wenyewe wanakiri kwamba jibu hilo halimsaidii mtu, wanakupa mistari miwili ya `__str__`, na swali linatokea kwa maneno yake. Haraka zangu.

Lakini sehemu ya tano ndiyo iliyoniteka. Wanakuambia kuna hitilafu kwenye kodi (maandishi ya programu, si ile ya TRA) uliyoiandika kwa mkono wako sehemu ya pili: swali lenye tarehe ya siku 30 mbele linahesabiwa kuwa limechapishwa karibuni. Nilikuwa nimelipita bila kushtuka! Wanakuandikisha jaribio, yaani kodi fupi ya kuikagua kodi yako, unaliona likifeli, unarekebisha, unaliona likipita. Nilikuwa nimesikia habari za majaribio miaka mingi. Siku hiyo ndiyo niliyoyaelewa.

Bando likiisha sihangaiki, kwa sababu maelekezo yote yanapakuliwa kama PDF, ePub au HTML. Ila angalia toleo. Niliwahi kunakili `url()`, amri ya kupanga anwani za kurasa, kutoka video ya zamani, programu ikagoma. Maelezo ya toleo la 4.0 yakanijibu kwa mstari mmoja kwamba imeondolewa. Tarjuma za Kifaransa, Kijapani, hata Kiindonesia zipo, Kiswahili sijakiona. Na kama Python huijui, anza nayo kwanza, vinginevyo utailaumu Django bure.

Mwezi uliopita niliandika maelekezo ya programu ya duka la dawa la mteja wangu. Mara hii niliwaiga wa Django: badala ya kuandika "hakikisha printa imewashwa", nilichomoa waya wa printa, nikapiga picha ule ujumbe mwekundu unaotokea, nikaiweka ukurasa wa kwanza na chini yake nikaandika: ukiona hivi, tazama waya nyuma ya meza. Dada wa kaunta, aliyekuwa akinipigia kila asubuhi saa mbili kasoro, sasa ananipigia kuulizia mambo mengine.