Boksi la juu "linaloingia gari zote": mlango wangu wa nyuma haufunguki

Muuzaji akikwambia boksi la juu ya gari "linaingia gari zote", usitoe hela. Mwambie alipandishe kwanza, halafu mfungue mlango wa nyuma macho yako yakiona. Mimi niliomba hilo hilo kwenye duka moja Kariakoo, msimu ule wa Krismasi watu wanajiandaa kwenda Moshi. Kijana hakuinua hata uso kwenye simu: "Mama, buti na boksi wapi na wapi? Boksi linakaa juu." Wenzake wakacheka. Na hawafungi mpaka ulipe, ndiyo sheria yao.

Fundi akakaza nati, nikaambiwa niondoe gari, wateja wengine wanasubiri. Tulipofungua buti nyumbani kupakia kreti ya soda, mlango ukagonga kitako cha boksi. Rangi ya spoila ikabanduka ukubwa wa kiganja, na mlango ukaishia nusu. Gari langu ni Subaru Forester, mlango wake unafunguka kwenda juu, spoila imetangulia. Boksi ni refu, na matundu yake ya chini hayaruhusu kulisogeza mbele zaidi ya pale vilipo vyuma vya kukatiza, vile viwili vya juu ya paa vinavyobeba boksi. Fundi anayefunga haya kila siku hakuliona hilo?

Nikarudi. Sikudai hela, nilidai wanibadilishie wanipe fupi. Kijana yule yule: "Ulilikubali mwenyewe, mama. Kikishafungwa haturudishi." Nimesimama juani, yeye anamhudumia mwingine.

Boksi lenyewe, haki yake nilipe, ni zuri. Mvua ilitukamata Segera, Korogwe bado inanyesha, nguo za watoto zikafika kavu kabisa. Upepo wa Same ule, halikutikisika. Linafunguka kulia na kushoto, hata ukiegesha karibu na ukuta unatoa mzigo. Nilishaanza kusema nyota nne. Lakini pale Mombo, watoto wanalia njaa, hotpoti iko buti na mlango haupandi, mama mkwe wangu mtu mzima akashushwa ili tukunje kiti. Nyota mbili! Na hizo ni za boksi, duka halina hata moja.

Kwa hiyo nendeni na futi. Fungua mlango wa nyuma mpaka mwisho, pima kutoka chuma cha nyuma mpaka pale ncha ya mlango inapofika juu ya paa. Kipande cha boksi kitakachopita chuma hicho kiwe kifupi kuliko hapo. Angalia na vibano vinavyoshikisha boksi kwenye vyuma: vya vyuma vyembamba vya mraba haviwezi kukumbatia vyuma vipana bapa.

Halafu uzito, ambao pale dukani hakuna aliyeutaja. Kiwango cha paa kiko kwenye kitabu cha gari, na ndani yake kuna vyuma na boksi tupu, siyo mizigo peke yake. Paa la kilo 75, boksi kilo 20, vyuma 5: umebakiwa na 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Vitabu vya gari zetu vingi ni vya Kijapani, tafuta anayekijua akusomee.

Boksi sitaliuza, mvua ile ya Segera inatosha. Duka lile msiende. Wakinibadilishia na kulipia rangi ya spoila, nitaandika upya hapa hapa, na nyota zao nitawapa.