Pambano la vichekesho ndani ya Total Extreme Wrestling: mwaka mzima nililitumia kama stoo

Nianze kwa kukiri. Kwangu pambano la vichekesho lilikuwa stoo. Mwanamieleka hajui kupigana, umaarufu hana, mkataba wake bado una miezi tisa na mshahara unatoka kila mwezi? Mtupe kwenye vichekesho, angalau aonekane ana kazi. Kampuni yangu ya kubuni iliishi hivyo karibu mwaka mzima wa ndani ya gemu, na kila nikifungua ripoti ya shoo nakuta shimo lilelile katikati. Pambano la kwanza alama 58, la pili 61, vichekesho 23, halafu la nne linaanza kupanda mlima upya. Nikailaumu gemu. Haikuwa na kosa.

Kwa asiyeijua: Total Extreme Wrestling ni kazi ya Adam Ryland, inatolewa na Grey Dog Software, na ni maandishi na namba tupu. Hakuna mtu utakayemwona akiruka kutoka juu ya kamba. Wewe ndiye bosi wa kampuni ya mieleka. Unaajiri, unapanga nani akutane na nani, nani ashinde, dakika ngapi, halafu unaagiza pambano liwe la namna gani: hili fujo, hili la kuchemka taratibu, hili la kuchekesha. Ukimaliza unabonyeza, nayo inakurudishia alama kati ya 0 na 100 na sentensi chache za kueleza mambo yalivyokwenda. Waliowahi kucheza Extreme Warfare Revenge, ile ya bure ya mwaka 2002, wanaujua ukoo huu. Ukitaka kushika pedi na kumpiga mtu mateke, tafuta gemu nyingine.

Kilichonifumbua macho ni karani wangu. Huyu nilimtengeneza mwenyewe: mwanamieleka wa makamo, uwezo wa ulingoni wa kawaida sana, ila haiba nilimjazia na kuongea anajua. Nikampa uhusika wa karani wa ofisi. Anapanda ulingoni na faili kwapani, anadai mpinzani atie sahihi kabla kengele haijalia, na akishamwangusha anamgonga muhuri kwenye paji la uso. Mambo ya muhuri hayo yamo kichwani mwangu tu, gemu haina habari nayo. Lakini ndiyo raha ya gemu ya maandishi, nusu ya shoo unaiona wewe mwenyewe.

Kwa miezi miwili nilimpanga mapambano ya kawaida na akawa anapata alama za kusikitisha. Siku moja mtu aliyepangwa naye akaumia, nikaziba pengo na kijana mmoja mfupi mwenye kinyago, dakika 7, nikaagiza vichekesho. Ikaja 55. Wiki iliyofuata nikawarudisha, 57. Watu walewale wasiojua kupigana! Hapo ndipo nilipotulia nikasoma wasifu wao badala ya kuangalia tu uwezo wa kurusha watu. Wote wawili walikuwa na haiba na mashabiki walishawazoea. Wale niliowatupa stoo mwaka mzima hawakuwa na hiki wala kile. Asiyejua kupigana na asiyejulikana, ukimwambia achekeshe, unampa kazi ngumu kuliko ile iliyomshinda. Anayepigwa teke vibaya bado watu watashtuka. Anayechekesha vibaya ananyamaziwa.

Kuanzia hapo nikajiwekea masharti. Kwenye vichekesho lazima awepo angalau mmoja ambaye watu wangelipa kumwona, hata kama ni kwa sababu anawaudhi. Dakika zisizidi 10. Na wanaoelewana ulingoni nawaandika kwenye daftari, maana gemu ikishanidokeza kwamba wawili fulani wanaendana, siwatenganishi bila sababu.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi, nalo ni mahali pa kuliweka pambano la vichekesho ndani ya shoo.

Mashabiki wa ndani ya gemu wanachoka. Ukipanga mapambano matatu mfululizo ya kutoa roho, la nne linalipa deni hata kama ndani yake kuna nyota wako wawili bora. Anayefuatilia mieleka halisi ameshaliona hili kwa macho. WrestleMania X8, shoo kubwa ya mwaka ya WWF (leo WWE), Toronto, Machi 2002: The Rock na Hulk Hogan walipomalizana, ukumbi ulikuwa umetoa sauti yote uliyokuwa nayo. Likafuata pambano la wanawake watatu, halafu la mwisho la mkanda wa ubingwa, Chris Jericho na Triple H, na watu wakakaa kama wanaosubiri basi. Jericho na Triple H walikuwa wakubwa vya kutosha. Pumzi tu ndiyo ilikuwa imekwisha. Na pambano moja fupi katikati halikutosha kuirudisha.

Kwa hiyo nilifanya jaribio. Nilisevu kabla ya shoo kubwa ya mwaka na nikaicheza mara nne. (Ndiyo, najua kuna wanaosema kurudia sevu ni dhambi. Hapa nilikuwa mtafiti.) Mara mbili nilifuatisha pambano zito la mkanda wa pili na pambano kuu papo hapo. Mara mbili nilimweka karani wangu na yule wa kinyago katikati yao, dakika 6, bila matokeo yoyote ya maana. Bila karani, pambano kuu lilitoka 71 na 73. Akiwepo, 78 na 76. Mara nne si sayansi, na bahati nasibu ya gemu ina mkono wake humo, ila tangu siku hiyo sijawahi kuacha mapambano mawili mazito yagusane.

Lakini usilisogeze hadi mwisho. Nilishawahi kufunga shoo ya kila wiki kwa vichekesho, nikidhani watu wataondoka wanacheka. Alama ya shoo nzima ilishuka, na sikushangaa sana baadaye, kwa sababu pambano la mwisho ndilo linalobeba usiku. Kufungua shoo kwa vichekesho nako sikupendi, ingawa hapo naweza kubishiwa. Naona anayefungua anatakiwa awashe moto.

Sasa kosa langu kubwa kuliko yote. Nilikuwa na jitu. Adui wa kweli, mrefu, ametisha kila mtu, nusu mwaka hajaangushwa na mtu. Nikawa sina mpinzani wa kumpa wiki moja, nikaona si mbaya akimkanyaga karani kwenye vichekesho. Alishinda, tena haraka. Ila wiki nzima iliyofuata upepo wake ulikuwa umekata, na nilipompeleka kwa stelingi wangu kwenye shoo kubwa, pambano lilitoka chini ya nilivyopiga hesabu. Ukilifikiria nje ya gemu, liko wazi: mtu aliyedaiwa sahihi na karani mwenye faili jana, leo nani atamwogopa? Jitu linaruhusiwa kuingia na kuharibu vichekesho baada ya kengele. Kushiriki, hapana.

Upande wa pili, kuna watu ambao vichekesho vinawaongezea maisha, nao ni wazee. Nilikuwa na nyota mkongwe, jina kubwa, mwili umekwisha, na kila pambano refu linamshusha. Kumfukuza nashindwa, kumpaisha siwezi. Nikakumbuka Giant Baba, mwanamieleka na mwanzilishi wa All Japan Pro Wrestling, kampuni ya mieleka ya Japani. Alipozeeka hakung'ang'ania pambano kuu. Alishuka katikati ya shoo, kwenye mapambano ya watu sita ya kuchekesha, pamoja na wakongwe wenzake kama Rusher Kimura, na watu waliendelea kumshangilia. Nikamfanyia mkongwe wangu vivyo hivyo. Nilimweka timu moja na karani, akawa ndiye bosi wa ofisi anayekasirikia makosa ya uandishi. Akisimama kwenye kona dakika tano na kuingia dakika moja, ukumbi wote wake. Umaarufu wake ulikaa palepale mwaka mwingine mzima, na akawa anashindwa na vijana bila mtu kuona ameporomoka.

Na karani mwenyewe? Niliogopa kumpa ushindi wa maana, mpaka nikamkumbuka Toru Yano wa New Japan, kampuni nyingine ya mieleka ya Japani. Huyo ni mchekeshaji wa wazi, anavua mto unaofunika kona ya ulingo, anapiga chini ya kiuno refa asipoona, lakini amewahi kuwaangusha vigogo kwenye mashindano makubwa, na ndiyo maana kila anapopanda mtu hawezi kusinzia. Mchekeshaji asiyeshinda kamwe anageuka pazia. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka karani anamkunja mtu mzito kwa ujanja, anambana mabega chini sekunde tatu, anashinda na kukimbia na faili lake. Mtu mzito anapata sababu ya kulipiza kisasi, mimi napata hadithi ya mwezi mzima.

Gemu naipa 8 kati ya 10. Ina mengi ya kusoma, na wiki za kwanza utajiona mhasibu zaidi kuliko bosi wa mieleka. Ukiwa na subira inakulipa, hasa kwenye vijambo kama hivi ambavyo mtu anaviruka akikimbilia kupanga pambano kuu.

Juzi karani wangu ameumia goti, miezi mitano nje. Nimemwachia yule wa kinyago faili na muhuri, na ripoti ya kwanza imekuja na 41. Nampa wiki tatu.