Maikrofoni ya kuzamisha majini, kwa anayeishi kwenye boti inalipa kabisa

Hii maikrofoni ya majini nimeitumia muda wa kutosha sasa naweza kuiongelea, maana maoni mengi niliyosoma kabla sijanunua yaliandikwa na watu walioichovya kwenye bwawa la kuogelea wakasema inafanya kazi, basi. Mimi naishi kwenye boti, nalala humo napika humo, na viumbe wa baharini ndo majirani zangu wa kila siku. Kwa hiyo nimeipima kwa jambo moja tu: inanisaidia kujua nani yuko chini yangu bila mimi kwenda kumsumbua? Jibu ni ndiyo, na kwa hilo naipa nyota nne.

Ukiishi kwenye boti mnyama unayemuona ni yule aliyekuja juu kupumua au aliyeruka. Kasa anatoa kichwa, anavuta pumzi, kaenda. Pomboo unaona mgongo tu halafu maji yanajifunga. Na hapo ndo wengi wanawasha injini na kuanza kufuata, kitu ambacho kinanikera sana kwa kweli, kwa sababu pomboo anategemea masikio kuliko macho na wewe umemletea kelele za propela mpaka mlangoni kwake. Sauti kwenye maji ya bahari inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni kama 340 tu, na inafika mbali mno. Ukiwa na hii kitu unafanya kinyume chake, unazima kila kitu, unateremsha waya, unakaa hapo hapo ulipo, na wao ndo wanakuja au hawaji.

Chombo chenyewe ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Ndani kuna kipande cha kauri kinachotoa umeme kidogo kikisukumwa na mawimbi ya sauti, nje kimefunikwa kwa mpira mgumu, kuna waya wa mita kumi, na mwisho wake jeki ya kawaida unachomeka kwenye rekoda ndogo halafu unavaa hedifoni. Hakuna programu ya kupakua wala akaunti ya kufungua, na hilo peke yake limenifurahisha.

Sasa tuje kwenye sauti. Kama umewahi kulala kwenye boti iliyotia nanga kwenye maji ya joto yasiyo na kina unaijua ile tatata tatata inayopenya ubavuni usiku kucha, ambayo watu wanadhani boti inaliwa au rangi inabanduka. Ni kamba wadogo sana wenye gando moja kubwa kuliko jingine. Ukisikiliza kwa maikrofoni ni kama mafuta ya moto yaliyotupiwa kitu chenye maji, hayanyamazi. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mlio wenyewe hautoki kwenye gando kugongana, mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba gando likifunga kwa kasi linarusha maji mpaka panatokea kiputo, na kile kiputo kikipasuka ndo unasikia tap. Yaani mdudu wa sentimita chache tu anafanya hivyo na akiwa na wenzake wanaweza kufunika sauti nyingine zote. Siku hizi nikifika sehemu mpya ya kutia nanga nasikiliza kwanza hao, kama wako wengi najua chini kuna mawe au matumbawe yenye uhai, na naangalia vizuri zaidi wapi nashusha nanga nisije nikawavunjia.

Kuna samaki pia. Watu tumezoea kudhani samaki ni bubu, si kweli kabisa. Mfano unaowahusu wakaaji wa boti moja kwa moja ni wa Sausalito, California, ambako miaka ya 1980 waliokuwa wanaishi kwenye nyumba zinazoelea walikuwa hawalali wakati wa kiangazi kwa sababu ya mvumo mzito unaotoka chini, wengine wakisema ni pampu za maji taka, wengine jenereta, wengine jeshi linafanya majaribio yake. Kumbe ni samaki, wataalamu wanamwita Porichthys notatus, dume analinda kiota chini ya jiwe na anaita majike kwa kutetemesha misuli ya kibofu chake cha hewa, na anaweza kuvuma hivyo hivyo kwa zaidi ya saa nzima bila kukata. Kwa maikrofoni hii mimi husikia migumio mifupi mifupi jioni jua likizama, gum gum gum, halafu kimya, halafu mwingine anajibu upande wa pili. Nani hasa anagumia siwezi kumuona, ila najua yupo na nahakikisha jenereta haiwaki saa hizo.

Pomboo ndo wengi mtanunulia hii kitu, kwa hiyo niseme wazi inachoweza na isichoweza. Miluzi yao inasikika safi, tena hata kabla hujaona pezi lolote. Wale pomboo wenye mdomo kama chupa, kila mmoja ana mluzi wake anaojitambulisha nao, na ukisikiliza kundi likipita unaanza kutambua mluzi fulani unajirudia. Lakini ile milio yao ya tik tik ya kutafutia samaki inapanda zaidi ya kilohezi 100 (kilohezi ni mitetemo elfu moja kwa sekunde, ikizidi sauti inakuwa nyembamba zaidi), sikio la binadamu linaishia kama 20, na rekoda ya kawaida inayopima sauti mara 48,000 kwa sekunde inaishia nusu yake, kilohezi 24. Kwa hiyo unachosikia ni kipande cha chini tu, mkwaruzo kama wa mlango, unakaza na kukaza pomboo anapokaribia anachokitafuta. Siku moja mmoja alikuja mpaka kwenye maikrofoni yenyewe, nikasikia ule mkwaruzo unapanda mpaka ukawa mstari mmoja, nikachungulia nikamuona kageuka ubavu anaangalia waya. Mikono ilikuwa inanitetemeka, sikutamani hata kupiga picha.

Na nyangumi wenye nundu, hapo sina maneno mengi. Dume ndo anaimba, wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi mpaka ishirini na anaurudia kwa masaa, na madume wa eneo moja wanaimba wimbo ule ule unaobadilika taratibu kadiri muda unavyokwenda. Miaka ya 1950 sauti hizi zilikuwa zinanaswa na vifaa vya jeshi la majini la Marekani kule Bermuda, Frank Watlington ndo alikuwa akizirekodi, na mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay wakaandika kwenye jarida la Science kwamba huo ni wimbo kweli, una mpangilio. Leo mtu wa kawaida anayo maikrofoni ya kuwasikia kwenye droo ya boti yake, nyangumi yuko mbali huko hata pumzi yake huioni, na unamsikia anashuka chini chini mpaka kifuani mwako. Hawaii sheria inataka ukae yadi 100 kutoka kwa hao nyangumi, kama mita 91, na ukiwa na maikrofoni wala huoni sababu ya kusogea.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo haya. Waya unabeba kelele vibaya mno, ukigusa ubavu wa boti hata kidogo unasikia kishindo kikubwa masikioni, na boti ikipanda na kushuka na mawimbi kila kitu kinakuwa mngurumo. Inabidi ufunge chubwi karibu na maikrofoni, uning'inize kwenye boya dogo kwa mpira unaovutika, uache waya umelegea. Hapo ndo inatulia. Friji na inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri) navyo zima, vinaingia kwenye rekodi. Jeki nayo ni chuma hafifu, inaanza kutu haraka hata ukiwa muangalifu, waliotengeneza wangeweka ya dhahabu au ya kufunga kwa skrubu.

Halafu kuna wanaouliza kama itawaonya orka, wale pomboo wakubwa weusi kwa weupe, wakija kuvunja usukani, kama inavyotokea upande wa Hispania na Ureno tangu 2020. Hapana, usiinunue kwa ajili hiyo. Huwezi kusafiri nayo ikiwa majini, waya utaishia kwenye propela, na injini ikiwaka husikii kitu kingine.

Ukishaitoa majini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jeki ifute na uipake grisi kidogo ya silikoni, waya uuzungushe duara kubwa usiukunje. Yangu bado inasikia vizuri.