Gari la mkononi kwa familia ya Kigoma: mpangilio wangu

Mtu mwenye watoto watatu na wazazi Kasulu akiniuliza anunue gari gani, siulizi kwanza ana shilingi ngapi. Nauliza anaishi mtaa gani. Barabara kuu siku hizi haitusumbui sana. Kinachoua shokapu ni kile kinjia cha kuingia kwako, mvua ikishakichimba mfereji katikati.

1. Toyota Succeed, injini ya lita 1.5. Watu wanaidharau, pamoja na ndugu yake Probox, eti ni gari la kubeba abiria wa vijijini. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake. Injini ni 1NZ, ileile ya Ist nyingi, kwa hiyo fundi yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ameshaifungua mara nyingi na spea hazitafutwi kwa tochi. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Nyuma unaweka gunia na madumu ya mawese kutoka Ujiji bila kumbana mtoto. Naichagua kuliko Probox kwa sababu ni ndefu kidogo. Ila jihadhari na iliyochoshwa na biashara: tazama mpira wa pedali ya breki ulivyolika, kiti cha dereva kilivyobonyea, na kama nyuma imeinama hata bila mzigo. Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma, mpira wa pedali wengi wanausahau.

2. Noah ya zamani, SR40. Nyumba ikiwa na watu saba au nane, maneno yaishie hapa. Inakunywa mafuta, lakini kilimani haikuaibishi. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Muuzaji akianza kukuna kichwa, punguza gharama yake kwenye bei. Noah iliyofuata, yenye injini ya D-4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), mimi naipita: pampu na nozeli zake zinataka mafuta safi na fundi anayezijua, na vyote viwili ukitoka mjini ni bahati.

3. Toyota Wish 1.8. Imetulia na ina viti saba, ingawa vya nyuma kabisa ni vya watoto. Tatizo ni kwamba gari lenyewe liko chini. Kama lami inafika mlangoni kwako, ipandishe hadi ya pili. Soma kibati cha modeli: ikiwa na ZNE ni 1.8, ikiwa na ANE ni 2.0 yenye D-4, irudishe.

4. Nissan X-Trail. Imeinuka na inapendeza. Lakini spea ikikosekana hapa utaisubiri ije na basi kutoka Dar, na wewe unapanda bodaboda na familia.

Ukitaka kuagiza Japani, kumbuka kwamba gari kuukuu linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujapenda picha.

La hapa nyumbani, linganisha namba ya chesesi na kadi, angalia kama linadaiwa faini za barabarani, mwandikishiane kwa mwanasheria. Halafu pakia watu wanne, mpande kutoka stesheni hadi Mwanga, jicho kwenye mshale wa joto.

Muhimu kuliko yote, likute limelala, yaani injini ikiwa baridi. Niliwahi kuahidiana na muuzaji wa Noah saa moja asubuhi, nikamwomba asiiwashe kabla sijafika. Injini ya SR40 iko chini ya viti vya mbele. Nilipoinua kiti, joto likanipiga usoni. Akasema ameenda sokoni mara moja tu. Nikafungua kifuniko cha oili: kwa ndani kimeganda utando wa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni dalili kwamba huenda maji yanaingia kwenye oili. Akaniambia ni umande. Nikamrudishia funguo, nikashuka kwa miguu.