Uzoefu wangu na ORBIS: kupima safari za Paulo kwa siku na kilomita

ORBIS ni programu ya bure mtandaoni kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, iliyotolewa mwaka 2012. Inakokotoa safari za Dola ya Rumi: unachagua mji wa kuanzia na wa kufikia, mwezi, namna ya kusafiri, na kama unataka njia ya haraka, fupi au nafuu. Ina vituo 632, majina kwa Kilatini. Naitumia kuandaa masomo ya Matendo ya Mitume, na naipenda sana, lakini usipoipangilia vizuri itakupotosha.

Anza na mwendo wa nchi kavu. Mtembea kwa miguu amewekewa km 30 kwa siku, mpanda farasi 56, gari la ng'ombe 12. Sasa soma Matendo 17:1: Filipi, Amfipoli, Apolonia, Thesalonike, yote kwenye Via Egnatia, barabara kuu ya Kirumi. Vipande vyake ni kama km 50, 45 na 55. Ukiwafundisha watu kwamba kila kipande ni siku moja, umeshawapandisha mitume farasi, na Luka, mwandishi wa Matendo, hataji mnyama wala mahali walipolala. Kwa miguu ni siku tano, tena kwa watu waliotoka kupigwa bakora Filipi. Mimi huacha kwenye miguu.

Baharini kazi ni ngumu zaidi, maana programu hutumia hali ya wastani ya upepo wa kila mwezi. Kutoka Troa hadi Neapoli, bandari ya Filipi, Paulo na wenzake walivuka kwa siku mbili (16:11). Kurudi, kutoka Filipi hadi Troa, baada ya siku za mikate isiyotiwa chachu, zilikwenda siku tano (20:6). Tofauti hiyo huwezi kuipata kwenye wastani, kwa hiyo chukua jibu la programu kama katikati tu, kisha umuulize Luka upepo ulikuwaje. Muda wa kungoja nao haumo. Rhegio walikaa siku moja, kusi ikavuma, na siku ya pili wakafika Puteoli, zaidi ya km 300 (28:13). Kabla ya hapo walikuwa wamekaa Malta miezi mitatu, nayo lazima uijumlishe mwenyewe. Tena idadi ya siku haionyeshi hatari: ukipima safari za kipupwe, kumbuka kwamba Warumi waliihesabu bahari kuwa imefungwa tangu 11 Novemba hadi 10 Machi.

Safu ya gharama kwa dinari naiacha kabisa. Imejengwa juu ya amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301, miaka kama 250 baada ya Paulo, na wahubiri wale hawakusafiri kwa nauli na nyumba za wageni pekee. Makanisa yaliwasafirisha, kama Zena na Apolo katika Tito 3:13. Didake, kitabu cha kale cha maagizo ya Kanisa, inaagiza mtume akae siku moja, ya pili ikihitajika, akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha malazi mengine tu, asipewe fedha. Mahali pa dinari naandika jina la mwenyeji: Lidia kwa Filipi, Yasoni kwa Thesalonike, Akila na Prisila kwa Korintho, Filipo kwa Kaisaria.